Mzigo wa Nyumbani Nao Upimwe

Asubuhi kwenye lango la Machame wapagazi hupanga foleni mbele ya mizani. Kila mmoja anatua mfuko wake, uzito unasomwa, na ukizidi kilo 20 kitu kinatolewa na kupewa mwingine. Kilo 20 ndizo Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro imeziruhusu kwa mzigo wa safari anaobebeshwa mtu mmoja, mbali na vitu vyake mwenyewe. Kampuni ikija na mizigo mingi kuliko watu, inaongeza watu.

Shuka sasa kutoka langoni uingie kwenye migomba. Huku Machame vijijini, kama ilivyo Kibosho, Uru, Old Moshi, Kilema na Marangu, kijana aliyepimiwa kilo 20 juma lililopita leo anatwishwa mfuko wa saruji wa kilo 50 na kuonyeshwa njia ya miguu inayoshuka korongoni. Miguuni ana ndala. Jina lake halijaandikwa popote. Akifika salama atapewa noti mbili tatu. Akiteguka kifundo cha mguu atapewa pole. Mlima ni uleule na mgongo ni uleule. Kilichobadilika ni mwenye mzigo: kule juu ni mtalii, huku chini ni sisi.

Ninaposema sisi, ninawasema watoto wa mlima tunaoishi Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na ng'ambo, tunaojenga kwenye kihamba cha baba, yaani shamba la familia, na kupeleka vyombo nyumbani kila mwaka unapokaribia kwisha. Tunapatana na mwenye lori kwa uangalifu mkubwa. Tunauliza bei ya mafuta, tunadai risiti, tunahesabu maboksi. Lakini hesabu zetu zinaishia pale lori linapoishia. Kipande kilichobaki, kutoka barabarani hadi mlangoni, tunamwachia Mungu na vijana watakaokutwa kijiweni. Nasema hivi kwa uzito wote: anayebeba vyombo vyetu kwenye kipande hicho ni mfanyakazi, na anastahili kiwango cha uzito, malipo yaliyokubaliwa mapema, na matibabu akiumia. Jukumu hilo ni la mwenye mzigo.

Asiyeijua nchi hii ya mlimani anaweza kudhani tatizo ni barabara mbovu tu. Jambo ni pana zaidi. Mito inayotoka msituni, kama Weruweru, Karanga na Rau, imechimba makorongo marefu kutoka juu kwenda chini, na watu wanaishi kwenye migongo iliyobaki katikati. Barabara zinapanda na mgongo. Ukitaka kwenda pembeni, hata kwenye nyumba unayoiona kwa macho, mara nyingi lazima ushuke bondeni na kupanda tena. Juu ya hayo kuna mifongo, mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu, inayokatiza njia kila baada ya hatua kadhaa na kuvukwa kwa magogo mawili yaliyolazwa sambamba.

Kisha kuna historia ya makazi yenyewe. Wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, mamilioni ya Watanzania walihamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa, vingi vikiwa kando ya barabara. Ukanda wa kahawa na migomba wa Kilimanjaro kwa sehemu kubwa haukuguswa, kwa kuwa watu walikwishaishi kwa kubanana kwenye vihamba vyao. Nyumba zikabaki zilipokuwa, ndani ya shamba, mbali na njia ya gari. Baba akagawia wana, wana wakagawia wajukuu, na kila mgawanyo ukazaa uchochoro mwingine katikati ya masale, mimea inayopandwa kuwa mpaka. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,861,934 katika mkoa mzima, na sehemu kubwa ya hao wamejazana kwenye miteremko hii. Uchochoro wa upana wa mabega mawili ndiyo njia halali ya kuingilia nyumba nyingi, na utaendelea kuwa hivyo.

Zamani njia hizo zilitosha kwa sababu nyumba ilitoka kihambani humohumo: miti, majani, udongo, mawe ya mtoni. Siku hizi nyumba inatoka dukani. Inakuja kwa mabati, nondo, marumaru, tangi la maji, friji ya milango miwili, kochi la watu watatu lisilofunguka. Vitu hivyo vilitengenezwa vitoke kwenye gari viingie mlangoni. Vikifika mwisho wa barabara ya Kibosho au Kilema, vinamsubiri binadamu.

Nilishuhudia kazi hiyo Uru, mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Kanta ilikuwa imegoma kuendelea kwa sababu udongo mwekundu ulishageuka kuwa kama sabuni. Vijana wanne walishusha friji ikiwa ndani ya boksi lake, wakashika pembe nne na kuanza kuteremka. Hawakuwa na kamba wala mti wa mzegazega. Mvua ililowanisha boksi, karatasi ikaanza kumeguka vidoleni mwao, na uzito wote ukawaangukia wawili wa chini, kama inavyokuwa siku zote kwenye mteremko. Walipofika kwenye mfongo, mmoja aliingia majini mpaka magotini ili aikinge friji kwa kifua wenzake wakivuka. Mama mmoja alitoka jikoni na beseni la majivu, akayamwaga juu ya magogo ili miguu isiteleze. "Tueni kwanza, wanangu," akawaambia. Wakatua. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Hapo ndipo mzozo ulipoanza. Mwenye friji alikuwa Dar es Salaam, sauti yake ikitoka kwenye simu ya utingo. "Mangi, ulituambia ni hapo tu," alisema mkubwa wa wale vijana. Mwenye friji akajibu kwamba bei ilishapatanwa na kwamba wanamgeuka kwa kuwa hayupo. Kila upande uliamini unadhulumiwa. Kwa macho yangu wote wawili walikuwa wakweli: yule wa simuni aliikumbuka njia ya utotoni, alipokuwa akiipita mbio na mkoba wa shule, na hawa wa mfongoni walikuwa wameambiwa umbali bila kuambiwa mteremko. Kabla ya siku ile hakuna mtu aliyetumwa kwenda kuitazama njia huku akiifikiria friji.

Migogoro mingi ya namna hii inazaliwa hapo. Tunasikia kwamba vibarua wa mlimani ni wajanja, wanasubiri mzigo ufike mahali pabaya ndipo wapandishe bei. Wapo wanaofanya hivyo, na si uungwana. Lakini mtu aliyefichwa ukubwa wa kazi hana mahali pengine pa kujadiliana isipokuwa pale anapougundua. Tukitaka bei isipande kwenye mteremko, tuuonyeshe mteremko kabla ya bei.

Njia ya kufanya hivyo ni rahisi. Kabla ya kulipa lori, mlipe kijana anayekaa jirani na nyumba aitembee njia akiwa na futi na simu. Apime mahali pembamba kuliko pote: geti, daraja la mfongo, kona ya ukuta. Apige picha za video kutoka gari litakaposimama hadi mlangoni, bila kuruka kipande. Aangalie pa kupumzikia, maana mzigo mzito unahitaji mahali tambarare pa kutuliwa kila baada ya mwendo mfupi. Aulize kama mvua ikinyesha usiku gari dogo, kirikuu au pikapu, litafika wapi. Malipo yake ni madogo mno ukilinganisha na friji iliyobondeka au mguu uliovunjika.

Ukishaiona njia, orodha ya vitu nayo itabadilika. Tangi la lita 5,000 halipiti kati ya masale ya majirani wawili. Matangi madogo kadhaa yatapita. Nondo za mita 12 hazikunji kona ya uchochoro. Zikatwe mjini Moshi kwa vipimo vya fundi. Kabati lifunguliwe vipande. Saruji isiletwe yote kwa siku moja ikasubiri mvua barabarani huku vijana wakikimbizwa kuiokoa. Kununua kitu kwa ajili ya nyumba ya mlimani bila kuifikiria njia yake ni kumkabidhi mtu mwingine gharama ya uamuzi wako, naye atailipa kwa mgongo.

Na kuna jirani. Njia nyingi zinapita kwenye kihamba cha mtu, na hodi lazima ipigwe mapema. Ukivunja sale la jirani kwa kupitisha kochi, umegusa mpaka wake, na mpaka mlimani si jambo dogo. Mgomba uliokanyagwa una bei na hasira zake. Mwenye mzigo, au mzee wa familia kwa niaba yake, aende akasalimie na kuomba njia, kisha arudi kushukuru kazi ikiisha. Haifai kibarua aachwe akitukanwa kwa njia ambayo hakuichagua.

Suala la uzito halikuanza na watalii. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo na Pangani kwenda bara ilikuwa na kiwango kilichojulikana: mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa takriban frasila mbili, karibu kilo 30, na mpagazi aliyezidishiwa alijua kugoma au kutoroka. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 127 kuhusu uzito wa juu kabisa anaoweza kubebeshwa mfanyakazi mmoja. Pendekezo lililoandamana nao lilitaja kilo 55 kwa mwanamume mtu mzima, na mkataba wenyewe unataka mazingira ya kazi yazingatiwe. Mteremko wa utelezi ni mazingira ya kazi. Hapa nyumbani sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, nasi tumeipigia kelele lumbesa, gunia linalojazwa kupita kiasi, kwa miaka mingi kwa sababu inampunja mkulima. Sijasikia kelele kama hizo kwa ajili ya anayelibeba gunia.

Wenzetu wenye njia finyu wametafuta namna zao. Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari, matofali na mchanga hubebwa na punda, na tangu mwaka 1987 punda hao wana zahanati yao inayowatibu bure. Goma, mashariki mwa Kongo, watu walijichongea chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, inayoshusha magunia ya viazi na makaa kwenye barabara za mawe ya volkano. Mlima wetu ni mkali mno kwa chukudu, na magogo ya mifongo hayamfai punda. Tumebaki na binadamu. Basi binadamu huyo apate walau kile ambacho Lamu imempa punda: mahali pa kutibiwa bila kuulizwa nani atalipa.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. La kwanza ni kwamba mlimani watu husaidiana, na kuweka bei na mizani ni kuua ujirani. Msiba ukitokea, jeneza hubebwa na majirani hadi kihambani bila malipo, na mgonjwa hutolewa kwa machela usiku wa manane bila mtu kuuliza posho. Huo ni utu wetu, na uendelee. Lakini kochi lililonunuliwa dukani, likaletwa na lori lililolipwa, kwa ajili ya nyumba ya mtu aliyelipa fundi, ni shughuli ya fedha kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuuita ujirani pale tu inapofika zamu ya anayebeba ni kuutumia ujirani kumnyima mtu haki yake.

La pili ni kwamba masharti yatawakosesha vijana kazi. Hesabu inasema kinyume. Mfuko wa saruji ukigawanywa mara mbili, au friji ikibebwa na watu sita kwa zamu badala ya wanne bila zamu, ajira inaongezeka. Kinachopungua ni majeraha. Ni kweli mwenye mzigo atalipa zaidi. Nami nasema alipe, kwa sababu hiyo ndiyo gharama halisi ya kujenga mahali penye mandhari ile. Kama haimudu, apunguze chumba kimoja kwenye ramani.

La tatu ni kwamba barabara zikijengwa yote haya yatakwisha. Barabara zinahitajika, na tangu mwaka 2017 tuna TARURA, wakala wenye jukumu la barabara vijijini. Lakini kuifikisha barabara ya gari kwenye kila mlango kungemeza vihamba ambavyo tayari ni vidogo, kungekata mifongo na kufungulia maji ya mvua njia ya kumomonyoa udongo. Kinachofaa zaidi ni kazi ndogo zilizochaguliwa vizuri: mahali pa magari kupishana na kugeuzia, daraja la zege juu ya mfongo badala ya magogo, ngazi za mawe zenye mahali pa kushika kwenye miteremko mikali, zege kwenye vipande vinavyonasa magari kila masika. Kazi hizo zingewafaa pia mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya KCMC na mama anayepanda na mkungu wa ndizi kichwani kuwahi gari la sokoni Kiboriloni. Wana wa mlima walioko mjini, tunaochangishana mamilioni kwa sherehe, tunaweza kuchangia daraja la mfongo.

Kuna jambo moja ambalo halina mjadala, nalo ni watoto. Desemba shule zimefungwa, na kijana wa kidato cha pili mwenye mabega mapana anaonekana mtu mzima machoni pa utingo mwenye haraka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumpa kazi ya hatari. Mfuko wa saruji kwenye mteremko wa matope ni hatari bila shaka yoyote. Anayempa mtoto mzigo ule kwa sababu ni wa bei nafuu anavunja sheria, hata kama mtoto mwenyewe ndiye aliyeomba.

Wapo watakaoniambia kwamba hata kule hifadhini mambo hayajanyooka. Ni kweli. Wapagazi bado wanalalamikia malipo pungufu na kampuni zinazokwepa masharti. Lakini wana kiwango cha kukidai na mahali pa kupeleka malalamiko, na wapo watu wanaofuatilia. Yote hayo yalijengwa kwa miaka, kwa kelele za wapagazi wenyewe na za wageni walioona aibu kupanda mlima juu ya mateso ya mtu. Aibu hiyo nasi inatuhusu, na zaidi, kwa maana anayeumia hapa ni mtoto wa jirani.

Napendekeza tuanzie kwenye kitongoji. Vijana wanaobeba mizigo waunde kikundi chenye majina yanayojulikana kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Kikundi kipange bei kwa njia na kwa aina ya mzigo, ibandikwe ofisini kila mtu aione, na kiweke kiwango cha uzito kwa mtu mmoja. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 4 katika hizo ni ya vijana. Mkopo mdogo wa aina hiyo unanunua mizani, kamba imara, miti ya kubebea, glavu na mabuti ya mvua kwa kikundi kizima. Wakijipanga zaidi wanaweza kufikia kirikuu yao wenyewe.

Kuhusu kuumia, nchi ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi tangu mwaka 2008 na mfuko wake unafanya kazi. Lakini kibarua wa saa mbili asiye na mwajiri aliyesajiliwa anabaki nje ya mlango. Wenye mamlaka watafute namna ya kumwingiza kupitia vikundi. Mpaka hapo, kila mwenye mzigo aweke kwenye makubaliano sentensi moja ya wazi kwamba mbebaji akiumia kazini, gharama ya hospitali ni ya mwenye mzigo. Makubaliano yenyewe yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: vitu gani, kutoka wapi hadi wapi, watu wangapi, shilingi ngapi. Na malipo yatumwe kwa kila mmoja siku hiyohiyo, yasipitie mkononi mwa dalali mmoja atakayejikatia kwanza.

Kampuni za kuhamisha mizigo nazo zina sehemu yao. Kampuni inayompa mteja bei ya kutoka Dar es Salaam hadi nyumbani Marangu, kisha ikashusha vyombo kandokando ya lami na kumwachia utingo atafute watu, haijatimiza ilichouza. Iulize njia kabla ya kutaja bei. Iajiri kikundi cha pale kwa jina, na gharama hiyo ionekane kwenye ankara kama inavyoonekana gharama ya dizeli. Nasi wateja tukatae bei inayonyamazia kipande cha mwisho, maana bei hiyo ni ndogo kwa sababu kuna mtu hajalipwa.

Desemba haiko mbali. Malori yataanza kupanda kutoka njia panda ya Himo na kutoka Moshi mjini yakiwa yamesheheni, na simu zitaanza kupigwa vijijini: "Nitafutie vijana wawili." Mwaka huu, mwenye kupiga simu hiyo aanze kwa kuuliza njia ikoje, mzigo una kilo ngapi, na hao vijana ni akina nani. Akishapata majibu, atajua mwenyewe kwamba wawili hawatoshi.